Kwa nini mapigo ya mama hayapandi hata akipanda ngazi

Pole kwa wasiwasi, ndugu yangu. Umesema mama anatumia atenololi ya presha, na hata akipanda ngazi mapigo yake hayavuki 80 kwa dakika. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya dawa.

Moyo unaongozwa na neva za aina mbili zinazofanya kazi bila sisi kuamua. Za kwanza huuchochea, kwa kemikali za mwili ziitwazo adrenalini na noradrenalini. Nyingine, neva ya vagasi, huutuliza. Atenololi haiongezi nguvu ya vagasi. Inakalia vipokezi vya beta vilivyo kwenye moyo, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa adrenalini, kama mtu aliyekutangulia kwenye kiti cha daladala: adrenalini inafika, haina pa kukaa. Mtulizaji anabaki na usemi mkubwa zaidi, moyo unapiga polepole na kuhitaji oksijeni kidogo.

Ninachoomba sana: asiache ghafla! Dawa ikitumika muda mrefu, moyo huongeza vipokezi. Ukiiondoa kwa mara moja, adrenalini inavikuta vyote wazi, mapigo na presha vinaruka, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio la moyo. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Kama ana kisukari, sukari ikishuka huenda asisikie moyo kwenda mbio. Jasho bado litamtoka, liangalieni hilo. Akiwa na pumu, daktari aambiwe. Mapigo yakishuka chini ya 50 na ana kizunguzungu au anazimia, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.