Noti ikiruka dirishani

Omera umeuliza kama kuna filamu ya kuchekesha ya mjini, mtu anatoka kufanya kakitu kadogo tu halafu mambo inaharibika usiku mzima. Tafuta After Hours ya Martin Scorsese, ya 1985, Griffin Dunne ndo anaigiza. Jamaa ni wa ofisi huko New York, amekutana na msichana mkahawani, anaenda kumwona usiku SoHo, mtaa wa huko huko, kisingizio ati ananunua kitu ya kukandamizia makaratasi, sasa ndani ya teksi noti yake ya dola 20 inapeperuka dirishani. Hiyo tu! Akisema wacha nirudi nyumbani anafika stesheni ya treni anapata nauli imepanda saa sita usiku huo huo, sasa ni dola moja na nusu na yeye ako na senti 97 mfukoni. Hapo nilicheka mpaka nikakohoa juu enyewe ni sisi kabisa, unatoka tao Kisumu kwenda mtaa wa Kondele ukijua nauli ni ile ya kila siku, mvua inadondoka kidogo tu konda anakwambia imekuwa mara mbili na hataki stori. Baadaye mtaa mzima unamkimbiza wakidhani ni mwizi, mwisho sikuambii. Usitarajie vichekesho vya kuangukaanguka, ni ile kicheko ya kuhurumia mtu.

Mi mathe alinitumaga soko ya Kibuye omena tu, nikarudi saa mbili usiku bila omena na kiatu ni moja, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.