Koseti inatanuka kiunoni: maswali ya wasomaji

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nashona koseti za satini za magauni ya sendofu. Mteja akishakazwa kamba nyuma, mishono inaachia kiunoni mpaka vitundu vya sindano vinaonekana, na baada ya muda kiuno kimeongezeka kama sentimita 2. Nimebandika gamu (ile ya kukakamaza kitambaa kwa pasi) mara mbili, wapi! – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hata ukibandika gamu mara tano. Gamu inakakamaza kitambaa, haikizuii kuvutika. Kamba zikikazwa, mvuto wote unaangukia mstari mmoja wa kiuno, na kila mshono unaokatiza mstari huo unaubeba kwa nyuzi chache tu. Dawa ni utepe wa kiuno: ukanda usiovutika unaotoka kwenye ukingo wa kamba nyuma hadi ukingo wa mbele, ili mvuto upite kwenye utepe na mishono ipumzike. Kama koseti yako haifunguki mbele, utepe uwe kipande kimoja, ukingo wa nyuma hadi ukingo wa nyuma.

Tafuta utepe mnene wa pamba au ribeni ya vimatuta, upana sentimita 2 hadi 2.5. Ribeni laini ya kufungia zawadi iache dukani. Shika sentimita 30 juu ya rula, vuta kwa nguvu; ikivuka alama, haifai. Utepe wa pamba uloweke kwanza kwenye maji moto, ukauke, upigwe pasi. Usipofanya hivyo utaruka (utapungua urefu) koseti ikifuliwa, na kiuno kitajikunja.

Kiuno chenyewe usikikisie. Mfunge mteja uzi, ainame kushoto na kulia. Uzi unapotulia ndipo kiuno kilipo. Utepe ukikaa sentimita 2 juu ya hapo, unambana mbavu na kiuno kinaendelea kutanuka.

Sasa urefu, na hapa ndipo wengi wanakosea. Utepe uwe mfupi kidogo kuliko kitambaa, la sivyo kitambaa kitavutwa kabla yake. Tuseme nusu ya koseti ina vipande 5 na jumla yake kiunoni ni sentimita 31. Utepe uliokwisha shonwa uwe sentimita 30.5, yaani milimita 1 pungufu kwa kila kipande. Ongeza sentimita 1.5 kila ncha ya kuingia kwenye ukingo, ukate 33.5. Weka alama za chaki kwenye utepe, kila mshono na alama yake.

Utepe unakaa upande wa ndani wa kitambaa cha msingi, kabla ya bitana na kabla ya mifupa, yaani vile vijiti vinavyoisimamisha koseti. Bana kwa pini kila alama kwenye mshono wake. Ukiilaza koseti mezani utaona kitambaa kimevimba kidogo kati ya pini. Ikunje juu ya paja lako kama inavyozunguka mwili, uvimbe unapotea. Usipopotea, umepunguza utepe mno. Shona wima juu ya kila mshono, kukatiza upana wa utepe, mara mbili, sindano namba 16. Mstari huo uwe kando ya njia ya mfupa. Ukiziba njia, mfupa utagoma kiunoni. Usishone kufuata urefu wa utepe, kwani unaongeza matundu palepale panapovutwa.

Ncha ndizo zinazobeba kazi yote. Ziingie ndani ya mkunjo wa ukingo, zipite nyuma ya vitundu vya kamba, zishonwe pamoja nao. Utepe ulioshikizwa kwenye bitana peke yake utaichana bitana.

Na satini peke yake si kitambaa cha koseti. Iwekee msingi wa drili (kitambaa kizito cha pamba) isiyovutika, uzi wa urefu usimame wima kwenye kila kipande. Kipande kilichokatwa mshazari kitatanuka, utepe upo au haupo.

SWALI: Koseti imekwisha, mifupa imo. Nitaibomoa yote?

JIBU: Hapana. Fumua bitana na kingo sehemu ya kiuno tu, kisha shona utepe kwa mkono, uzi wa mara mbili, ukishika akiba za mishono. Ukitaka kutumia cherehani, toa mifupa kwanza. Sindano ikigonga chuma inavunjika, na kipande chake kinaruka usoni.

SWALI: Gauni la harusi lisilo na mikono linateremka, bibi harusi anashinda akilivuta. Utepe huohuo utasaidia?

JIBU: Utepe ndiyo, lakini ufungwe kivingine. Huu unaning'inia ndani ya gauni, umeshikizwa kwenye mishono na njia za mifupa tu, na sentimita 5 hivi kila upande wa zipu ziko huru. Upime kwa kiuno cha mteja, umkae bila kulegea, ufungwe kwa kulabu mbili kabla ya zipu kupandishwa. Uzito wa sketi unabaki kiunoni, kifua hakivutwi chini.

SWALI: Lastiki je?

JIBU: Inavutika. Haifai.