Mwanangu, hilo "Kwa hiyo?" la msimamizi wako

Tabora

Mwanangu,

Mwangaluka. Barua yako imefika. Unauliza kama ubadilishe msimamizi wa utafiti wako wa uzamili, maana amekaa na sura zako wiki tano, na alipozirudisha hakuandika chochote ila maneno mawili pembeni mwa mada: "Kwa hiyo?" Mada yenyewe ni "Athari za uongozi katika utendaji wa vyama vya ushirika vya tumbaku mkoani Tabora".

Usibadilishe, angalau si sasa. Wiki tano ni nyingi na hapo analo kosa, nitalifikia. Lakini swali lake ni la haki, na msimamizi mpya atakuuliza hilohilo kwa maneno marefu zaidi.

Itazame mada neno kwa neno. Uongozi wa nani? Kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, bodi inachaguliwa na mkutano mkuu, meneja anaajiriwa na bodi. Hawaoni mambo kwa jicho moja, na mara nyingi ugomvi wa chama uko baina yao. Utendaji upi? Kilo zilizouzwa, marejesho ya mikopo ya pembejeo, hati ya ukaguzi, au maoni ya mwanachama akiwa kwenye foleni ya malipo? Halafu hilo neno "athari". Hojaji iliyojazwa siku moja inaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja, haionyeshi lipi linalovuta lingine. Chama kikiuza vizuri, wanachama watamsifu mwenyekiti wao; hapo sifa ndiyo iliyofuata mauzo. Andika "uhusiano" kama huna data za misimu kadhaa.

Kubwa kuliko yote liko kwenye sura ya tatu. Umetumia kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli: wanachama 400, kosa la asilimia 5, ukapata sampuli ya 200. Hesabu iko sawa, 400 ukigawa kwa 2. Wanachama hao 200 unawatoa vyama vinane, 25 kila kimoja. Sasa fikiri: ikiwa unachopima ni utendaji wa chama, una vyama vinane, basi. Wale 25 wa chama kimoja wote wana kilo zilezile, marejesho yaleyale, hati ileile. Ukiingiza safu 200 kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, haitalalamika. Itakupa nyota za umuhimu, zile alama za kusema matokeo si ya bahati tu, hata pasipostahili, kwa kuwa umeiambia una ushahidi 200 wakati unao nane uliorudufiwa. Mtahini wa nje akiliona hilo, hakuna maelezo ya mdomo yatakayoliokoa jedwali hilo.

Njia ni mbili. Ya kwanza, shusha kipimo mpaka kwa mwanachama mwenyewe: alihudhuria mikutano mikuu mingapi kati ya mitatu iliyopita, amerejesha mkopo wake kwa kiwango gani, je, tumbaku yake yote imepita chamani au nyingine imeuzwa kwa jina la jirani. Hilo la mwisho usimuulize mbele ya mtu, na usilitegemee sana. Marejesho na mahudhurio yachukue kwenye vitabu vya chama, kwa ridhaa yake. Ukimuuliza mtu mmoja, kwa karatasi moja, siku moja, kuhusu kiongozi wake na kuhusu mafanikio, majibu yatafanana kwa sababu yametoka kwenye hali moja ya moyo, nawe utadhani umegundua kitu.

Ya pili, acha takwimu. Chukua vyama viwili vya wilaya moja, Urambo au Kaliua, vyenye ukubwa unaokaribiana, kimoja kina hati inayoridhisha na kingine kina hati yenye shaka. Fanya usaili wa watu 20 hadi 25, soma mihutasari ya mikutano ya misimu mitatu, kisha ueleze jinsi maamuzi yanavyofanyika kila upande. Mimi ningekwenda na hii, ukizingatia umebakiwa na miezi minne. Wanafunzi wengi wa menejimenti huikimbia wakidhani ni nyepesi. Kukusanya ni kwepesi kidogo, kweli, ila kuchambua kurasa 300 za usaili kutakukondesha.

Nadharia ulizoweka ni tatu. Baki na moja. Nadharia ya wakala, ile ya Jensen na Meckling ya 1976, inakutosha: mwanachama ndiye mwenye mali, meneja ndiye anayejua kilo na bei, na pengo la taarifa kati yao ndilo unalolitafuta. Hizo mbili zimekaa kwenye sura ya pili kama wageni ambao hakuna aliyewaalika, hazionekani tena hadi hitimisho.

Ukishikilia hojaji, pitia sentensi zake upya. "Viongozi wetu ni waaminifu na hutushirikisha" ni maswali mawili. Anayeona ni waaminifu lakini hawashirikishi hana pa kuweka alama. Umeiandika kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu mmoja aitafsiri kwa Kiswahili, mwingine asiyeiona ile ya kwanza airudishe Kiingereza, ndipo ulinganishe. Ijaribu kwa watu 15 hadi 20 wa chama kisicho kwenye utafiti. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali yanavyokubaliana, ikiwa chini ya 0.7, usikimbilie kufuta maswali mpaka namba ipande. Kwanza kaa na watu watatu uwasikie wameelewa nini.

Sasa msimamizi. Ulimpelekea sura tatu kwa mpigo, bila neno. Mtu mwenye wanafunzi kumi na madarasa huziweka chini ya rundo. Mpelekee ukurasa mmoja: swali kuu la utafiti kwa sentensi moja, nani ataulizwa, data gani, na mambo mawili unayotaka aamue. Omba dakika 20. Mkiachana, siku hiyohiyo mwandikie barua pepe: tumekubaliana hivi, nitaleta hiki, tarehe fulani. Barua hizo zitakulinda akisahau alichosema, na atasahau, hilo si dhambi. Sura moja ipe wiki mbili, mkumbushe kwa upole. Zikifika nne, nenda kwa mratibu wa uzamili ukiwa na tarehe zako mkononi. Kila marekebisho yaambatane na jedwali: alichosema, ulichofanya, ukurasa gani. Usilokubaliana nalo liandike pia, pamoja na sababu.

Kubadilisha kuna mahali pake: amehama chuo, mada iko nje kabisa ya fani yake, au amekaa kimya hata baada ya idara kuingilia. Akidai fedha au mwili, hapo hakuna kusubiri wala kujadiliana. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai katika sheria yetu ya kuzuia rushwa ya 2007. Dawati la jinsia la chuo, TAKUKURU, na mimi, siku hiyohiyo.

Kuhusu kuja kukusanya data: barua ya chuo inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa afisa ushirika, kwa mtendaji wa kata, ndipo chamani. Kila ofisi itataka nakala yake, na kila ofisi ina siku ambayo mwenye muhuri yuko safarini. Tenga wiki tatu. Usije Novemba au Desemba, mvua zikianza watu wote wako shambani wanahamisha miche. Masoko yakifunguliwa wanachama wanapatikana ghalani kwa wingi, lakini katibu anakuwa amesimama pembeni na majibu yote yanakuwa matamu. Waone ghalani, chukua ahadi, uwahoji nyumbani jioni.

Huo ukurasa mmoja niletee kwanza mimi, kabla ya Ijumaa. Mama yako anasalimu, anasema chumba chako kina magunia ya karanga, uje umejiandaa.

Baba yako