Glasi ya mshumaa ikipasuka kwa mteja, anza na utambi

Pole sana ndugu. Umesema glasi ya mshumaa wako ilipasuka mezani kwa mteja, na sasa unaogopa kuuza iliyobaki. Una haki ya kuogopa. Usiuze hata mmoja wa kundi hilo, na waliokwisha kununua wapigie leo wasiuwashe.

Mara nyingi chanzo ni utambi mnene kupita kiasi kwa upana wa glasi: moto unapanda juu, unatoa masizi, glasi inapata joto kupita kiasi. Au ni glasi yenyewe. Nyingi za kunywea hazikutengenezwa kwa ajili ya moto, hata zikipendeza vipi.

Washa michache ya majaribio, kwa muda wa saa 4 kila mara, iache ipoe, rudia mpaka nta ibaki sentimita 1, nawe uwepo muda wote. Ukibadilisha nta, rangi au manukato, jaribu upya, maana utambi uleule utawaka tofauti. Manukato yapime kwa mizani, usivuke kiwango cha mtengenezaji wa nta. Yakizidi huvujia juu na yanaweza kushika moto.

Kwenye lebo andika: punguza utambi ubaki milimita 5 hivi, usiuache ukiwaka peke yake, weka mbali na watoto na mapazia, zima mshumaa nta ikibaki sentimita 1.

Nta ikiwaka jikoni unapoiyeyusha, usimwagie maji kabisa! Zima jiko, funika sufuria.

Kama mteja aliungua, hakikisha kwanza ametibiwa, kisha muone mwanasheria kabla ya kuzungumzia fidia. Bima ya bidhaa, ile inayolipa mteja akidhurika na unachouza, itafute kabla hujarudi kuuza.