Mario Kart World: zurura kwanza, mashindano baadaye

Wiki mbili za kwanza za Mario Kart World, gemu ya Nintendo ya mbio za vigari, nilishindwa kila jioni. Mpwa wangu mkubwa ana miaka 13, na kabla ya hapo alikuwa amenishinda mara chache mno tangu aanze kushika pedi. Nyumbani kwa dada yangu tulikuwa na Switch ya zamani, mashine ya magemu ya Nintendo, na Mario Kart 8 Deluxe, gemu iliyotangulia hii. Viwanja vyake 96, ukihesabu na vile vya nyongeza, nilivijua kona kwa kona. Ilipoingia Mario Kart World nikaivaa kwa mazoea yaleyale: kimbilia mbele, teleza kwenye kona, shikilia ganda la ndizi nyuma ya kigari, maliza mizunguko mitatu. Nikawa namaliza wa 17, wa 19. Kwenye Knockout Tour, yale mashindano ya mchujo, nilikuwa natolewa kituo cha pili.

Aliyenifungua macho ni mdogo wake, binti wa miaka 9, ambaye mashindano yalikuwa hayamvutii kabisa. Zamu yake ikifika, alikuwa anabonyeza kitufe cha kujumlisha kwenye ukurasa wa mwanzo, anatokea katikati ya barabara, na anaondoka kwenda anakotaka. Sisi tuliona anachezea zamu yake. Siku moja nikakaa pembeni nimtazame. Alipanda na kigari chake juu ya waya wa umeme, akateleza nao, akarukia ukutani, akakimbia na ukuta, akatua juu ya paa na kuokota medali iliyokuwa pale. Nilimwuliza amejifunza wapi. Akasema, "Mjomba, si kuna zile swichi za bluu?"

Tangu siku hiyo kila anayeniomba ushauri kuhusu gemu hii namwambia neno moja: siku tatu za mwanzo usishindane na mtu. Zurura.

Na nina sababu. Mfululizo huu ulianza mwaka 1992 na Super Mario Kart, na kwa zaidi ya miaka 30 kila toleo lilikuwa na viwanja vinavyojitegemea: unachagua uwanja, unauzunguka mara kadhaa, unahamia mwingine. Mario Kart World, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025 siku moja na Switch 2, imeviunganisha viwanja kuwa nchi moja. Unaweza kutoka mjini Crown City ukaendesha hadi jangwani, ukapita pwani, ukapanda milima ya theluji, bila kusimama hata mara moja. Timu ya Kosuke Yabuki, mtayarishaji wa gemu hii, ilianza kulijaribu wazo hili mwaka 2017, ikilenga Switch ya kwanza, lakini mashine ile haikuweza kulibeba. Ndiyo maana likasubiri mashine mpya.

Madereva nao wameongezeka kutoka 12 hadi 24. Hili ndilo mimi nililidharau. Watu 24 hawatoshi kwenye barabara nyembamba, kwa hiyo barabara zimepanuliwa, hasa zile za kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Barabara pana ina kona chache za kuteleza, na mtu aliyezoea kupata mwendo wake kwenye kona anajikuta amekanyaga mafuta tu, ananyooka, wenzake wanampita. Wanampita kwa juu. Wako kwenye reli, kwenye nyaya, kwenye kingo za daraja, kwenye kuta. Njia ya pili ya gemu hii iko juu ya kichwa chako, na ukikaa kwenye mashindano tu huioni, kwa sababu macho yako yameganda kwenye gamba jekundu la kobe, silaha ya mwenzako inayokufuata.

Ufunguo wa njia hiyo ni mruko mmoja mpya. Unaendesha moja kwa moja, unabana kitufe cha R bila kugusa usukani, unasubiri cheche zitoke chini ya magurudumu, kisha unaachia. Kigari kinaruka. Ukigusa usukani hata kidogo wakati wa kubana, kitaanza kuteleza kama kwenye kona, na hapo ndipo vidole vyangu vya zamani vilikuwa vinanisaliti. Miaka yote R ilikuwa ya kona. Kuifundisha mikono kwamba sasa ni ya kona na ya kunyooka pia, kunataka muda, na muda huo huupati wakati watu 23 wanakugonga kila upande kama daladala zinazochomekeana Ubungo saa za jioni.

Ukizurura unaupata. Tafuta barabara yenye reli ya chuma pembeni, jipange sambamba nayo, bana, achia, tua juu yake. Ukiwa juu ya reli bonyeza R tena urukie reli ya jirani, na kila ukifanya hivyo unapewa msukumo kidogo. Ukishaizoea, nenda ukutani: karibia ukuta, bana, ruka kuelekea kwake, na kigari kitashika ukuta na kukimbia nao. Mimi nilitumia jioni nzima kwenye ukuta mmoja tu. Jioni ya pili nikaanza kuuona ulimwengu mzima kwa jicho lingine. Kila waya, kila bomba, kila ukingo ukawa barabara.

Zile swichi alizozisema binti ni swichi za bluu zenye herufi P, zimetawanywa nchi nzima, na ziko karibu 400. Ukiikanyaga moja unapewa kazi fupi yenye saa inayorudi nyuma: kusanya sarafu za bluu, pita kwenye pete, fika mahali fulani kabla ya muda kuisha. Nyingine unazimaliza mara moja. Nyingine zinakutoa jasho, kwa sababu haziwezekani mpaka ujue mruko ule na kuta. Hayo ndiyo masomo. Hakuna ukurasa wa maelezo utakaokufundisha kama swichi inayokukatalia mara nane halafu mara ya tisa ikakukubali. Kuna pia medali za Peach na vibao vya alama ya kuuliza vya kutafuta, ila kama nia yako ni kuongeza uwezo barabarani, swichi ndizo za kuzitolea muda. Na usiuzime muziki ukicheza: wameweka zaidi ya nyimbo 200 zilizopigwa upya kutoka kwenye magemu ya zamani ya Mario, na wengi watazisikia vizuri hapo tu, wakiwa hawana haraka.

Kipo pia kitufe cha kurudisha muda nyuma unapocheza peke yako. Ukianguka kutoka kwenye waya, rudisha, jaribu tena. Kwenye kuzurura kitumie bila kujibana. Kwenye mashindano kitumie kwa hesabu, maana wewe ukirudi nyuma wenzako wanaendelea kwenda mbele.

Sasa Knockout Tour, ambayo kwangu ndiyo roho ya gemu hii. Mnaanza 24, mnasafiri safari moja ndefu inayopita viwanja sita, na njiani kuna vituo vitano vya mchujo. Kila kituo kinaondoa wanne wa mwisho: wanabaki 20, kisha 16, 12, 8, na wanne wa mwisho ndio wanaopigania ushindi. Kosa langu, na ninaliona kwa kila mgeni, ni kuongoza mapema. Anayeongoza anapewa vitu dhaifu, sarafu na maganda ya ndizi, halafu yeye ndiye anayewindwa na gamba la bluu. Kwenye mizunguko mitatu ya zamani ungeweza kupigwa na bado ukapona. Hapa ukipigwa mita chache kabla ya kituo, unashuka nafasi kumi kwa kufumba na kufumbua, kwa sababu nyuma yako kuna msongamano wa watu kumi wanaokuja kwa pamoja.

Mimi sasa hivi naendesha hivi. Vituo viwili vya mwanzo nakaa kati ya nafasi ya sita na ya kumi na mbili, pembeni ya msongamano, kamwe si katikati yake. Huko katikati ndiko magamba yote yanakodunda. Nikipata uyoga, ule unaokupa msukumo wa ghafla, siutumii hapohapo; una nafasi mbili za kutunza vitu, basi moja nairuhusu ibaki na uyoga muda wote kama akiba. Kituo kikikaribia, nikiwa salama nautunza, nikiwa nimepigwa nautumia kuvuka mstari. Kuanzia kituo cha tatu watu wamepungua na barabara imefunguka, ndipo nyaya na kuta zinapolipa. Kabla ya hapo kuna vita vingi mno vya kukuangusha.

Majini pia kuna somo. Kigari kinageuka kuwa cha majini chenyewe, na wengi wanaendesha kama wako nchi kavu. Angalia mawimbi. Kila wimbi ni kilima kidogo: bonyeza R juu yake unapata msukumo, na ukipanga mawimbi matatu mfululizo unampita mtu bila kutumia kitu chochote.

Grand Prix, yale mashindano ya mbio nne mfululizo, ina lawama ambazo mimi mwenyewe ninakubaliana nazo. Shindano la kwanza ni mizunguko mitatu ya kawaida, lakini la pili hadi la nne unaendesha barabara ndefu kutoka uwanja uliopita, halafu uwanja mpya unauzunguka mara moja tu. Kuna viwanja vizuri sana ambavyo vinapita upesi namna hiyo na moyo unauma. Ukitaka kuujua uwanja vizuri, nenda kwenye Time Trials, mbio za kushindana na saa, ukauzunguke mara tatu peke yako. Lakini ile barabara ya katikati, niliyoiona ndefu na ya kuchosha, ilianza kunipendeza nilipojifunza kuipanda. Kabla ya hapo nilikuwa natazama lami.

Kwa wenye familia kuna jambo la kujua kabla. Kuzurura nyumbani ni kwa mtu mmoja, skrini haigawanyiki. Mashindano mnaweza kucheza wanne kwenye televisheni moja, ingawa mkizidi wawili picha inapungua ulaini. Kwetu tumeweka utaratibu: pedi inapita kwa kila swichi. Ukishindwa mara tatu unampa mwenzio, ukiimaliza unachagua inayofuata iko wapi. Dada yangu, ambaye hakuwahi kushika pedi maishani mwake, tulimwashia msaada wa usukani na ule wa kujiendesha mbele bila kubana kitufe. Kwa siku ya kwanza hakudondoka hata mara moja, na ndiyo iliyomfanya arudi siku ya pili. Usimwonee aibu mtu mzima kumwashia.

Kuhusu kununua, nitasema yale yaliyonigharimu au yaliyokaribia kunigharimu. Ilipotoka, Marekani mashine iliuzwa dola 449.99, gemu peke yake dola 79.99, na vyote kwa pamoja dola 499.99. Pakiti ile ya pamoja ilikuwa nafuu, lakini ndani yake hakukuwa na kadi ya gemu. Ulikuwa unapakua, na ni zaidi ya GB 20. Kama unategemea bando la simu, piga hesabu hiyo kwanza, na ujue kwamba gemu la kupakua linabaki kwenye akaunti yako na huwezi kumwazima jirani wala kuliuza. Ya kadi unaweza.

La pili ni zito zaidi. Japani kuna Switch 2 ya bei ya chini, iliyotoka kwa yen 49,980, ambayo ina lugha ya Kijapani tu na inakubali akaunti za Japani tu. Rafiki aliyekuwa ananinunulia Dubai aliletewa moja dukani, bei ikiwa inavutia, na muuzaji hakusema kitu. Kilichoniokoa ni kumwomba rafiki aiwashe mbele ya simu nione ukurasa wa lugha. Yeyote anayekuletea kutoka nje, mwombe vivyo hivyo, kabla hela haijatoka.

Pedi za ziada usikimbilie. Joy-Con mbili zinazokuja na mashine zinatosha watu wawili, kila mmoja na yake, na zile za Switch ya zamani zinaunganika pia. Sisi tulifika wanne bila kununua chochote. Cha kulipia kila mwaka ni uanachama wa kucheza mtandaoni, na kama mko zaidi ya wawili chukueni wa familia, unaruhusu akaunti hadi nane.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika, tukaendelea na betri kwenye skrini ya mkononi, watatu tumebanana kwenye kochi. Binti alikuwa ameelekea Faraway Oasis, kwenye nyika yenye twiga, na aliona swichi ambayo hatujawahi kuigusa. Kaka yake akajaribu mara tatu, ikamshinda. Mimi mara tatu, ikanishinda kwenye mruko wa mwisho. Binti akapokea pedi, akaegesha kigari kando ya twiga, akaizungusha kamera taratibu kuitazama njia yote kuanzia mwisho hadi mwanzo, kisha akabana R.