Kufuli la kitabu cha kielektroniki ni la nani?

Nataka kuuza riwaya yangu Amazon. Je, nitalazimishwa kuiwekea kinga ya kunakiliwa?

Hapana. Unapopakia muswada wako kwenye Kindle Direct Publishing, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, utaulizwa kama unataka kinga hiyo, yaani kufuli linalojulikana kama DRM, nawe utachagua ndiyo au hapana. Apple, Kobo na Google Play nao humwachia mchapishaji uamuzi, na Smashwords huuza vitabu visivyo na kufuli lolote. Nakusihi usilipite swali hilo kwa haraka, maana waandishi wengi hulijibu bila kulifikiria kisha huilaumu Amazon.

Mbona basi vitabu vingi vya mashirika makubwa vimefungwa?

Kwa sababu mashirika yenyewe ndiyo yanayotaka. Hata hivyo, mwaka 2012 Tor, ambayo ni sehemu ya shirika la uchapishaji la Macmillan, iliondoa kufuli kwenye vitabu vyake vyote, na baada ya mwaka mmoja tawi lake la Uingereza lilieleza kwamba halikuona ongezeko la kutambulika la wizi.

Nisipofunga, si nitaibiwa?

Huenda ukaibiwa, lakini hata ukifunga utaibiwa, kwa kuwa mwizi huhitaji kulivunja kufuli mara moja tu, kisha nakala iliyo wazi husambaa kwa wote. Anayebaki na kufuli mkononi ni msomaji aliyekulipa. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vilivyonunuliwa humo, kwa kuwa vilikuwa na kufuli, havikufunguka tena. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao, na waliokuwa wameandika maelezo yao pembeni mwa kurasa waliongezewa dola 25. Kwangu mimi, mwanafunzi aliyepiga mistari na kuandika hoja zake ndani ya kitabu kwa muhula mzima hawezi kufidiwa kwa dola 25. Ndiyo maana ningekushauri uache kitabu chako wazi.

Mimi ni mnunuzi tu. Nitajuaje kabla ya kulipa?

Soma maelezo ya kitabu dukani hadi mwisho. Kwenye vitabu vya Tor utakuta sentensi inayosema kwamba, kwa ombi la mchapishaji, kitabu hicho kinauzwa bila DRM. Usipoona maelezo ya namna hiyo, mwandikie mchapishaji umuulize, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uamuzi.