Nikifanya pumzi za yoga wasiwasi ndo unazidi, nakosea wapi?

Swali: Shikamoo dokta. Nasumbuliwa na wasiwasi hasa usiku, nikaona kwenye simu mazoezi ya pumzi ya yoga, ile ya kuvuta hewa mpaka kifua kijae na ile ya kusukuma tumbo haraka haraka. Nikianza tu vidole na midomo vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, moyo unaenda mbio. Napungukiwa oksijeni?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hapana, oksijeni unayo, inayopungua ni kaboni dayoksaidi. Wengi tunaichukulia kama uchafu wa kutoa tu kumbe ukiitoa kupita kiasi mishipa ya damu ya ubongo inabana, ndo kizunguzungu hicho, na kalsiamu inayofanya kazi kwenye damu inashuka, ndo ganzi ya vidole na midomo, sasa wewe ukisikia hivyo unaogopa, ukiogopa unavuta zaidi, basi hiyo kaboni dayoksaidi inazidi kushuka.

Hiyo ya kusukuma tumbo inaitwa kapalabhati, ni ya kuchangamsha mwili, mtu wa wasiwasi usiku anaitakia nini? Achana nayo kabisa, na kama una mimba, presha au kifafa ndo usiiguse.

Fanya hivi. Kaa au lala, funga mdomo, vuta kwa pua kidogo tu ukihesabu mpaka 4, mkono uliouweka tumboni uinuke ila mabega yatulie, halafu toa taratibu kwa pua mpaka 6. Hapo unapata pumzi kama 6 kwa dakika wakati kawaida mtu mzima aliyetulia anapumua 12 mpaka 20. Siri iko kwenye kutoa, maana ukitoa pumzi neva ya vagasi (neva inayotoka kwenye ubongo mpaka kwenye moyo) inapunguza kasi ya moyo. Shika mapigo ya mkononi utaona mwenyewe, ukivuta yanakimbia kidogo ukitoa yanapoa. 6 ikikushinda anza 3 kwa 4, na usibane pumzi.

Ukiona kuhesabu kunakupa presha nyingine (wapo wengi hivyo) fanya bhramari, unavuta kwa pua halafu unatoa huku unaguna mmmm kama nyuki, mlio wenyewe unairefusha pumzi bila hesabu. Ya kubadilisha tundu za pua, nadi shodhana, nayo nzuri ila ukiwa na mafua usijisumbue.

Dakika 5 zinatosha, ila fanya kila siku hata ukiwa umetulia, ukisubiri mpaka moyo uanze kukimbia usiku ndo ukumbuke pumzi utahangaika sana.

Ila moyo ukienda mbio hata umekaa tu, au unapungua uzito huku mikono inatetemeka, nenda kapime damu na tezi ya shingo, na kama unatumia dawa za wasiwasi usiziache kisa pumzi. Maumivu ya kifua au kuzimia, hapo hospitali siku hiyo hiyo. Na ile ya kupumulia kwenye mfuko wa karatasi utakayoambiwa na majirani usifanye, kama tatizo ni la moyo au pumu inaweza kukudhuru.